Sauti Iliyozidi Tumbo la Treni

Niliagiza sauti kabla ya kuifungua treni. Nimejaribu kuliandika kosa hili kwa namna ya kulipunguzia ujinga, nikafuta, nikaandika tena, na limebaki vilevile, basi liwe hivyo. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nina C ya fizikia ninayoitaja hadi leo kana kwamba ni digrii, na nilikuwa nimekabidhiwa kazi ya kuchagua dikoda ya sauti kwa ajili ya treni ndogo ya mezani. Dikoda hiyo ni kibao cha umeme kinachotiwa ndani ya injini ya mfano. Kinapokea amri kupitia reli zenyewe, kisha kinaifanya injini ingurume, ipige honi na kupumua breki kama injini ya kweli. Mtu mwenye akili angeinua kwanza bodi ya ile injini, aone ndani kuna nafasi gani na soketi ya aina gani. Mimi nilikaa kwenye saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, nikavaa hedifoni zilizonuka mafuta ya nywele za watu, nikafunga macho, nikasikiliza sauti moja baada ya nyingine, nikachagua iliyonishika moyo. Ndivyo watu wetu wanavyochagua koor, ile kengele ya mti inayofungwa shingoni mwa ngamia. Mzee huitikisa, huinamisha kichwa, huitikisa tena, na hapimi chochote, kwa sababu hakuna shingo ya ngamia iliyowahi kukataa kengele. Treni ilikataa. Kibao kilipofika kutoka Uingereza kilikuwa kirefu kuliko nafasi yake, kipana kuliko nafasi yake, na kilikuwa na safu za matundu madogo ilhali soketi ya treni ilitaka miguu minane.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwenye treni tumemzika majuzi, na tangu tulipomzika situlii. Mimi ni mtu wa ndani. Nikifika sokoni najihesabu nimesafiri, na waliosoma nami wako Nairobi, wako Minnesota, mmoja yuko mahali ambapo anasema jua halizami, wakati mimi bado natumia kikombe kilekile. Lakini siku hizi najikuta nimesimama katikati ya chumba sijui nilikuwa naelekea wapi. Naanza kufungua redio ya mtu, naiacha matumbo nje. Naweka chai, naisahau, narudi kuiweka tena. Binti yake Hodan, aliyekuja kutoka Leicester kwa mazishi, aliniletea kasha lenye ile injini akasema baba yake angetaka niwe nayo, na tangu hapo naliondoa kasha juu ya kabati naliweka chini ya kitanda, kesho yake nalirudisha juu ya kabati, kana kwamba lenyewe ndilo linalolalamika.

Nilimwita Abti, yaani mjomba, ingawa hatukuwa na damu moja. Nyumba yake ilipakana na yetu kwa nyuma. Naye aliniita abti vilevile, maana kwetu mjomba humrudishia mpwa jina hilohilo. Abti Yusuf alikuwa dereva wa treni. Mtoto wa wafugaji wa Bura, aliyezaliwa mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote vinavyotembea ni msafara wa ngamia, aliendesha injini za dizeli kati ya Mombasa na Nairobi mpaka alipostaafu, kisha akarudi Garissa, ambako hakuna reli na hakuna aliyemwamini. Mtaani walikubali kwamba alifanya kazi reli. Kwamba aliendesha, walimwachia yeye mwenyewe. Nilisikia kwa masikio yangu wazee wakisema nje ya duka kwamba pengine alikuwa akifagia mabehewa, na hakuna aibu katika kufagia. Kiswahili chake alikiokota huko relini, kikawa kizuri kuliko cha walimu wangu, isipokuwa p, ambayo ilimshinda maisha yote. Breki za treni, alinifundisha, ni za ubebo.

Chumba chake cha mbele kilikuwa na mkeka, redio, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na mlango wa mbao uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mlango huo ulikuwa wa nyumba ya zamani, mzito, kitasa kimeng'olewa, na juu yake alitandaza reli ndogo ya mviringo ambayo Hodan alimletea pamoja na injini, mabehewa na kisanduku cha kuongozea. Treni ilitembea vizuri sana, maana ilikuja na dikoda ya kutembezea. Haikuwa na sauti tu. Ilizunguka ule mlango kimya kama mwizi, ikipita kando ya birika la chai na sahani ya sambusa, na Abti aliitazama kwa uso wa mtu aliyeletewa mbuzi asiyelia. Hodan akaahidi kwa simu kwamba atanunua dikoda ya sauti, yoyote atakayoambiwa, na Abti akajibu kwamba msichana wa jirani ndiye atakayechagua, kwa kuwa amewahi kuunga waya wa simu yake. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo.

Ningelifanya lile jambo kama mchezo kama nisingejua habari ya masikio. Alikwenda hospitali, akarudi, nikamletea anjera na chai ya maziwa ya ngamia, na akaninyima habari mpaka alipomaliza kula. Kisha akasema bila kuniangalia.

"Daktari anasema sauti nyembamba zimekwenda, nene zinafuata. Ile injini ndiyo iliyonila masikio, abti. Nataka nisikie kilichonila kabla hayajakwisha yote."

Nilisema Inshallah. Nilikuwa nimeona dalili, lakini nilidhani ni kiburi cha uzee: hakuitikia simu ikilia, hakugeuka watoto wakipita wakipiga kelele, alikwisha kuacha kuwalaani wale ndege wa asubuhi aliokuwa akiwalaani kila siku. Ndege walikuwepo. Waliondoka kwake tu. Na kuanzia hapo ile kazi ya dikoda ikawa mbio, nami ni mtu ambaye hata shuleni katika mbio nilipewa kazi ya kushika viatu vya wengine.

Shida ya kwanza ilikuwa ni sauti ya nani. Kwenye mtandao zilikuwepo injini za Marekani, za Wajerumani, za Waingereza, kila moja imerekodiwa ikiwa baridi, ikiwa moto, ikiwa inapanda, na hakuna aliyewahi kwenda kurekodi injini iliyopanda kutoka Voi na mabehewa ya mafuta. Basi Abti akaniimbia. Hakuona ajabu yoyote. Kwetu mtu aliyepotelewa na ngamia hufika kisimani, huiga kwa mdomo mlio wa koor yake, na wenzake humwambia walisikia huo mlio upande gani. Kwa hiyo alikaa kwenye mkeka, akashika magoti, akanguruma. Hii ni ikiwa imesimama. Hii ni ukiiongeza moto. Hii ni ikiwa imekasirika. Halafu akaniamuru nirudie, na nikarudia, binti wa watu niliyefunikwa mpaka vidoleni, mpaka akaridhika.

Kisha ilinibidi niuchukue ule mngurumo mpaka saiba bila kuumwaga. Nilitoka pale nanguruma ndani ya hijabu, chini kwa chini, midomo imefungwa, napita kwenye jua linaloyeyusha viatu, na kama kawaida siku ambayo hutaki salamu ndiyo siku mji mzima unakupenda. Mama mmoja aliniuliza hali ya nyumbani, nikamjibu kwa kichwa. Akaniuliza kama jino linaniuma. Nikatikisa kichwa vilevile, sijui nilikubali nini. Nilifika saiba jasho linanitiririka, nikavaa hedifoni, na yule kijana wa kaunta, aliyekwisha kunizoea, akasema, "Siste, hiyo dikoda ikikuja tutaona mechi?" kwa sababu Garissa nzima dikoda ni ile ya televisheni. Nikataka kumjibu, na ule mngurumo ukanitoka. Nikarudi kwa Abti kuuchukua upya.

Ndipo nikachagua ile ya kwanza, nzito, yenye kifua, ile ambayo ilikaribia sana ule mngurumo wa hasira, na ndiyo iliyofika tumbo la treni likaikataa. Siku hiyo nilifungua bodi ya injini mbele ya Abti kwa madaha ya daktari wa upasuaji, nikashusha kibao, kikakaa juu kama godoro juu ya stuli. Nikakigeuza. Nikakisukuma kidogo, kwa heshima. Abti aliniangalia, akaangalia kibao, akaniuliza kwa upole kama sikupima. Nikasema nilipima. Akaniuliza kwa kitu gani. Nikasema kwa sikio. Alicheka mpaka akakohoa, lakini baada ya kucheka alibaki akisugua sikio la kushoto, na mimi nilirudi nyumbani nikakata kona zote za chumba changu kwa miguu mpaka magharibi.

Ya pili nilipima kila kitu. Nilipima urefu, nilipima kina, nilihakikisha miguu ni minane, nilisoma ni umeme kiasi gani injini inavuta ikikwama, na nilichagua spika yake, kitu kidogo kama kipande cha sukari, kikaingia nyuma ya mota kana kwamba kilizaliwa pale. Kuisubiri kulichukua majira. Mvua ilikuja ikaondoka, mto ukajaa ukapungua, na kila mtu aliyetoka Ulaya kwa ajili ya harusi au mirathi alitajwa na kuchunguzwa na sisi kama anaweza kubeba bahasha ndogo. Sauti ya Abti mwenyewe ilikuwa inapanda. Anapozungumza nyumbani kwake nilimsikia kutoka jikoni kwetu, akidhani ananong'ona. Ndivyo nilivyojua mambo mengi ya siri ya mtaa mwaka ule, na ndivyo nilivyosikia, nikiwa napepeta mchele, akimwambia Hodan kwenye simu asimharakishe msichana, msichana anafanya awezavyo. Nilipepeta ule mchele mpaka ukabaki nusu.

Dikoda ya pili ilipofika niliifunga siku hiyohiyo. Mama Kanini alikuwepo. Huyu ni Mkamba wa Mwingi aliyeuza sukuma na nyanya, ukuta wake na wa Abti ni mmoja, na kila lililomjia kichwani lilitokea mdomoni bila kupita mahali pengine. Alikuja na fungu la mchicha, akaketi kuangalia. Niliwasha. Injini ikanguruma, ikapiga honi, Mama Kanini akaruka akasema ni kama iko Athi River. Ilikuwa nzuri kweli. Nikageuka kumwangalia Abti, nikamkuta anaangalia midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, akitafuta humo ndani kama tayari imelia.

Hapo ndipo C ya fizikia ilipofanya kazi iliyochelewa. Spika kama sukari haiwezi kutoa sauti nene, haina kifua. Inatoa nyembamba tu, na nyembamba ndizo alizokwisha kunyang'anywa. Nilikuwa nimechagua dikoda inayoitosha treni kikamilifu na isiyomtosha mwenye treni hata kidogo. Nilikuwa nimesoma ushauri wote wa wataalamu, kuhusu nafasi, soketi, nguvu ya umeme na aina ya injini, na hapakuwa na mmoja aliyeuliza sikio linalosikiliza ni la nani. Sikulala vizuri tena. Nilizunguka. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, nikazunguka na njaa.

Jibu lilikuja nikiwa nafuta vumbi, maana Garissa kila jibu huja mtu akifuta vumbi. Niliinua ile dikoda ya kwanza, ile godoro, nikaona kwamba hakuna sheria inayosema sauti lazima ipande ndani ya treni. Iliyokuja na treni niliirudisha ndani iendelee kuitembeza kimya. Ile kubwa niliiunga kwa waya kwenye reli, nikaificha chini ya ule mlango, nikazipa zote mbili namba moja ya kuitikia, ili amri ikija, moja itembee na nyingine ingurume. Chini ya mlango kuna nafasi ya dikoda hata ya ukubwa wa mbuzi. Spika nilizipata sokoni, mbili nene zilizong'olewa kwenye gari lililokufa. Moja peke yake ingekuwa na ukinzani mdogo ikaichoma dikoda, kwa hiyo niliziunga moja nyuma ya nyingine, nikazikaza kwa skrubu kwenye mbao kutoka chini, uso umeelekea juu. Nilipojaribu kwangu bila yeye, vikombe vilicheza kwenye sinia. Nilianza kuwaambia watu kwamba nilijua tangu mwanzo ile ya kwanza ndiyo. Sikujua.

Ilikuwa alasiri, Idi imekwisha pita, umeme upo na feni imezimwa ili isituharibie. Bado kulikuwa na wali na ndizi kwenye sahani, hakuna aliyekula. Mama Kanini alisimama mlangoni na kikapu chake, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama mtu asiyetaka kuwa shahidi. Nilimkalisha Abti kwenye kiti, nikaweka kisanduku cha kuongozea mikononi mwake, nikamwonyesha kwa kidole. Akafungua. Treni ikaanza kutembea, na chini ya mlango kikaanza kile kifua, polepole, kisha kikajaa, mpaka nikakisikia kwenye meno yangu mwenyewe. Abti alikaa. Aliangalia treni. Aliniangalia mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Kisha akaweka kisanduku pembeni, akainama, akalaza shavu lake juu ya mbao, kando ya reli, treni ikimpita karibu na pua, akafumba macho. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka ukashika kitu ambacho hakikuwepo, ukakirudisha nyuma kidogo, kwa ustadi ambao mtu anayefagia mabehewa hawezi kuwa nao.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo, abti. Tunabanda Mtito Andei."

Nililia kwa kelele, jambo ambalo lilimpa Mama Kanini sababu ya kuondoka. Abti aliniambia baadaye kwamba honi ilikuwa ya Wajerumani lakini injini ilikuwa yenyewe, na mimi niliyachukua maneno hayo nikayafanya mtaji. Mtu asiyeweza kuvuka mji bila kuchoka alipata kazi ambayo watu wanavuka jangwa kuileta kwake. Leo wananiletea vifaa vya kusikia nivitengeneze, kutoka Griftu, kutoka Kutulo, vimefungwa ndani ya leso, vimejaa vumbi na nta, na wazee wao wameketi nje wakingoja. Kila anapokuja mmoja na kukata tamaa, namsimulia habari za mzee wa reli ambaye daktari alikuwa amemwacha, na jinsi nilivyomrudishia injini yake kupitia mbao. Nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba najua pa kutua.

Nikaisimulia tena kwenye msiba. Wanawake tulikuwa tumejaa kwenye mikeka ya kile chumba cha mbele, ule mlango umeegeshwa ukutani kupisha watu, Hodan yuko katikati na macho yake mekundu, akaniomba mwenyewe nimweleze ile siku, maana aliisikia kwa simu tu. Nikaeleza yote, na nilipofika pa kutua nikatua, na Hodan akajifunika uso kwa mtandio. Mama Kanini alikuwa ameketi karibu na mlango, mzee sasa, kikapu chake mapajani. Nilipotoka nje kupata hewa alinifuata, akanishika mkono wa hijabu, akanivuta kando ya ukuta wake. Nilidhani anataka kunipa pole.

"Wewe na hiyo hadithi yako," akasema. "Masikio ya huyu mzee yaliisha kabla ya ile Ramadhani, ni mimi nilikuwa nampungia leso hapa juu ya ukuta kumwambia wameadhini. Hakusikia kitu. Mbao ilitetemeka, akakuangalia uso, akaamua kusikia."